CD za Watu kwa Muzee wa Kaseti

Walisema hatazirudisha. Walisema kwenye foleni ya maji pale Mapendo, walisema baada ya misa, walisema hata mbele yake akiwa amesimama na bidoni yake mkononi: CD za watu alizoazima yule muzee wa kaseti, hakuna hata moja itakayorudi kwa mwenyewe. Mama Neema, muuza vitenge, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Muzee mwenye anaogopa hata mbuzi, ataweza kupiga hodi ku mulango ya nani? Hizo amezikula. Musahau."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko changu kilikuwa kibaya kuliko vyao, kwa sababu mimi peke yangu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni mtoto wa mji huu. Niliondoka na begi moja la mgongoni, nikarudi na diploma ya ufundi wa sauti kutoka Ubelgiji. Hakuna mjomba aliyenilipia. Miaka minne niliosha vyombo vya watu jioni na kusoma asubuhi, mikono yangu ikinuka sabuni juu ya madaftari. Leo kanisa lolote la Goma likitaka vipaza sauti visivyopiga mluzi, linaniita mimi. Nikiingia ukumbi wa harusi, fundi aliyeko ananipisha kiti bila kuambiwa. Nayasema haya wazi kwa sababu niliyatolea jasho, na ili msomaji ajue kwamba anayemwelezea muzee huyu si mtu asiyejua sauti ni kitu gani.

Mtaani waliniita Diplômé. Muzee aliniita Ingénieur, na alilitamka kwa heshima hivi kwamba nilianza kupita mbele ya duka lake hata nisipokuwa na shida ya kupita.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mbao kilichosimama juu ya mawe ya lava. Ndani mlikuwa na CD player nzuri, zawadi ya mkwewe, na radio-kaseti ya zamani iliyofungwa kwa mpira wa tairi ili isiachane. Kazi yake ilikuwa moja: kutoa muziki kwenye CD na kuutia kwenye kaseti. Vijana walimcheka. Kila mtu ana muziki kwenye simu, walisema, kaseti ni ya nani? Lakini muzee aliwajua wateja wake. Walikuwa wachungaji wa ng'ombe kule juu Masisi, ambako hakuna umeme wa kuchaji kitu na radio inakula mawe ya betri. Walikuwa madereva wa malori makuukuu yenye tundu la kaseti na si tundu lingine. CD zilifika mjini kwa ndugu walio Ulaya; kaseti zilipanda milimani kwenye mifuko ya makoti. Katikati alikaa yeye.

Hakuwa na CD hata moja ya kwake. Aliziazima nyumba kwa nyumba, kutoka Mapendo mpaka Katoyi, na mwenye CD alilipwa kwa kaseti moja ya kumpelekea bibi kijijini. Mimi mwenyewe nilimpa moja, niliyoipenda kuliko zote nilizorudi nazo.

Siku ya kwanza nilipomwona akifanya kazi, nilisikitika kama daktari anayemwona mtu akishona kidonda kwa uzi wa gunia. Hakutumia waya. Aliiweka radio-kaseti mbele ya spika, akabonyeza kurekodi, na kile kimaikrofoni chake kidogo kikaokota kila kitu: muziki, mvua juu ya mabati, jogoo wa jirani, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, likipita kwenye mawe. Sisi tuliokuwamo tulikatazwa kuhema kwa nguvu. Kesho yake nikamletea waya mzuri, nikamfungia mwenyewe, nikamweleza kwa nini sauti sasa itakuwa safi. Alishukuru kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata niliukuta waya umeanikiwa mashati.

"Muzee, juu ya nini?"

"Ingénieur, wateja bamerudisha kaseti. Banasema si yangu. Banauliza: kikohozi ya muzee iko wapi?"

Nilikasirika. Kisha nikaisikiliza kaseti moja ya zamani kwenye lori la rafiki, njia ya Sake, na kati ya wimbo na wimbo nikamsikia anakohoa mara mbili, polepole, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha anaacha. Dereva akatabasamu. "Huyo njo yeye," akasema.

Aliogopa. Huwezi kumwelezea bila kuanza hapo au kumalizia hapo. Alitembea akigusa kuta, hakupita katikati ya barabara kamwe. Alilala na viatu. Simu ikilia alipokea na kunyamaza, mpaka anayepiga aseme kwanza, na hata akisema, muzee alisubiri aseme tena. Mteja akiingia hakusalimiwa kabla hajaulizwa: "Umeona nini njiani?" Mlima wetu wa volkano ukiwa mwekundu juu aliogopa mlima. Ukiwa umefunikwa na wingu aliogopa zaidi. Milio ya bunduki ikisikika upande wa Lac Vert, nje kidogo ya mji, watu walifunga madirisha. Yeye alifungua lake na kutega sikio. Kilichomtisha ni kimya.

"Bakipiga, bako kule," aliniambia. "Bakinyamaza, bako natembea."

Niliichukua kauli hiyo kuwa ya muzee mwoga. Nimekuja kuisikia kichwani usiku mwingi tangu hapo, na kila mara mwili wangu unakubali kabla ya akili.

Kilichomtetemesha kuliko risasi kilikuwa karatasi yenye majina. Hakuandika jina la mwenye CD popote. Mwalimu mmoja wa jirani alimletea daftari zuri la mistari, akamwambia aandike: CD fulani, ya fulani, nyumba fulani. Muzee alilishika kwa ncha za vidole, akalirudisha.

"Mwalimu, ukikufa na liste ku nyumba, mwenye kuikuta atafanya nayo nini?"

Mwalimu akalitia daftari kwapani. Katika mji wetu watu wengi wangeweza kulijibu swali hilo na hakuna aliyetaka. Jina linaonyesha ukoo, ukoo unaonyesha kilima, na kuna siku kilima unachotoka kinatosha.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Aliuza kaseti ya dakika sitini akiapa ni ya tisini. Mteja akirudi kulalamika, alisema mlimani dakika zinakwenda haraka. Alikwenda misa kila Jumapili, akakaa karibu na mlango, lakini nyimbo za misa alizirekodi kwa uvivu, na za kucheza alizirekodi mabega yakitikisika. Alikuwa mbishi kama nundu ya ng'ombe. Lakini wimbo hakuukata. CD ni ndefu kuliko upande wa kaseti, na mafundi wengine huacha mwimbaji akatike katikati ya neno. Yeye alipima kwa saa ya mkono, na kama wimbo hautaingia mzima, hakuuanza. Palipobaki alipaacha kimya.

Kwa kuwa hakuna njia ya mkato, CD ya saa moja ilimchukua saa moja. Alikaa mbele yake mpaka iishe, mikono magotini. Akifanya kaseti kumi za CD moja, aliisikiliza mara kumi. Nilimwambia kuna mashine za kurudufu kwa kasi. Akasema, "Nikikimbiza, nitajua aje kama ni nzuri?" Akimaliza, aligeuza kaseti mgongo na kuvunja vile vimeno viwili vya plastiki kwa kisu, ili radio yoyote ikatae kurekodi juu yake. Hapo tu ndipo uso wake ulipopumzika. "Hii sasa hakuna mutu ataifuta," alisema, kila mara, kama anamfungia mtoto vifungo vya koti.

Kisha zikaja zile wiki ambazo milio ya Lac Vert ilisogea, ikasogea, halafu siku moja ikanyamaza.

Asubuhi hiyo muzee alichoma makava yote ya CD. Wenye CD walikuwa wameandika majina yao juu ya makava, kila mtu na mwandiko wake, naye akayatia kwenye mbabula, jiko lake la makaa, moja moja. Moshi wa plastiki ulinuka mtaa mzima. Mama Neema alipita, akaona, akashika kichwa. Mle mlikuwa na kava la CD yake, kwaya ya Kinyarwanda ya upande wa Rutshuru, na sauti nyembamba inayoanzisha wimbo wa kwanza ilikuwa ya dada yake. Dada huyo amekufa. CD ile ilikuwa moja tu.

"Unafuta alama ili uzibebe!" alipiga kelele. "Mwizi weye!"

"Mama, rudi nyumbani," muzee alisema. "Tafazali. Funga."

Hakumweleza. Alikuwa anaogopa hata kueleza.

Mimi niliingia dukani mchana kuchukua CD yangu, maana nilikuwa nimeamua kuvuka mpaka kwenda Gisenyi mpaka mambo yatulie. Muzee alikuwa anarekodi. Nakumbuka nilishangaa: mji mzima umefunga, yeye ameweka ile kwaya ya Rutshuru na anarekodi. Aliniwekea kidole mdomoni. Nikasimama pembeni, nyuma ya rafu ya kaseti tupu. Wimbo ulikuwa bado unaendelea watu wenye silaha walipoingia.

Walikuwa watatu. Sitasema walikuwa wa nani. Siku zile tulijifunza kutouliza. Mmoja alizima CD player. Radio-kaseti, kwa ubovu wake, hakuna aliyeijali, na kaseti ndani yake ikaendelea kuzunguka.

"Hii wimbo iko ya nani?"

"Yangu, chef."

"Na hizi zote?"

"Zote zangu."

"Muzee, usituchezee. Mutu moja hawezi kuwa na CD hizi zote. Batu ba lugha hii bako wapi hapa? Nyumba gani?"

Ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanatafuta milango. Nilitazama lile bunda la CD juu ya meza, zisizo na kava, zisizo na jina, zikiwaka kama magamba ya samaki, nikazidi kujibana nyuma ya rafu. Mimi niliyevuka bahari. Mimi niliyewajibu maprofesa. Nikakohoa mara moja, na mmoja wao akanigeukia.

"Huyu?"

"Mteja," muzee alisema haraka. "Hajui kitu. Hana CD hapa."

CD yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu.

"Wewe si wa lugha hii," yule mkubwa alimwambia muzee. Na ni kweli: muzee alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, Kinyarwanda hakukijua zaidi ya salamu. "Kama ni yako, imba."

Nilisikia kaseti ikizunguka.

Muzee akaimba. Alianza na sauti nyembamba, ile ya dada wa Mama Neema, kisha akashuka kwenye sauti za kwaya, neno kwa neno, bila kujua maana ya hata moja. Alikuwa ameusikiliza wimbo ule mara nyingi sana mbele ya spika, mikono magotini. Alitetemeka hivi kwamba sauti ilikatika vipande, suruali yake ilikuwa imelowa, lakini hakuruka neno. Alipomaliza ubeti wa kwanza akaanza wa pili bila kuambiwa. Hakuuacha wimbo katikati.

Yule mkubwa alimpiga kofi moja, labda kwa hasira, labda kwa sababu ilikuwa lazima afanye kitu. Wakachukua CD player, wakatoka.

Muzee alibonyeza kusimamisha. Akatoa kaseti, akaigeuza, akavunja vimeno viwili. Ilimchukua muda. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma bila kusema aksanti. Jioni ile nilikuwa Gisenyi.

Niliporudi, niliwakuta watu wakisema hatazirudisha. Walikuwa wamesikia kipande tu: kwamba wenye silaha waliuliza CD ni za nani, naye akasema zote ni zake. Nani aliwaambia, sijui. Mbao za kuta zina nyufa. Kwa Mama Neema hiyo ilitosha. "Hata mbele ya bunduki ameziita zake!" alisema. Na mimi, niliyeujua wimbo mzima, nilicheka pamoja nao kwenye foleni ya maji, kwa sababu kueleza kungeanza na swali moja: na wewe ulikuwa wapi?

Siku chache baadaye muzee alituma ujumbe kuniomba CD player yangu kwa siku tatu. Nilimpelekea yangu bora. Sikuuliza ya nini. Nilijiambia kwamba kwa mashine ile nimeshalipa.

Duka halikufunguliwa tena. Nilisikia macho yake yameingia wingu jeupe. Miezi ilipita, nilipata kazi kubwa, nilinunua gari. Kisha Jumamosi moja asubuhi nilimkuta amesimama langoni kwangu, kiganja juu ya ukuta, begi la kitambaa begani na ile radio-kaseti yenye mpira kifuani.

"Ingénieur. Nikopeshe macho yako leo."

"Tunaenda wapi, muzee?"

"Kurudisha."

Njiani akanieleza. CD zilikuwa kwenye begi, zimepangwa. Kwenye kaseti alikuwa amerekodi mwanzo wa kila CD, sekunde chache tu, kwa mpango uleule, na mpango huo ulikuwa wa njia yenyewe: nyumba ya kwanza kuanzia dukani kwake, ya pili, ya tatu, mpaka Katoyi, kisha kurudi kwa barabara ya juu. Mtu akiikuta, angesikia vipande vya nyimbo tu. Ili ujue ni za nani ilibidi utembee na muzee.

Tukatembea. Mbele ya kila mlango aliniomba nimwambie rangi ya lango, akaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Wimbo ukatoka, watu ndani wakanyamaza, kisha mtu akasema, "Hiyo ni yetu!" Muzee alichomoa CD ya juu na kuitoa kwa mikono miwili. Wengine walishukuru. Wengine waliigeuza kutazama mikwaruzo. Mzee mmoja alimuuliza kava liko wapi, na muzee akaomba msamaha kama amelivunja dirisha.

Nyumba ya mwisho kabla ya kwangu ilikuwa ya Mama Neema. Muzee alisimama nje bila kubonyeza.

"Yule mama ananiogopesha kuliko askari," alisema.

"Muzee, ile kaseti ya siku ile unayo? Tumupigie asikie. Atajua."

"Njo hii."

Sikuelewa. Nikaifungua radio, nikaitoa kaseti. Mgongoni, vile vimeno viwili vilikuwa vimevunjwa, na juu ya mashimo yake kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa na kubandikwa, ili radio ikubali kurekodi tena.

"Umerekodi juu yake? Wewe?"

"Ulikohoa ndani, Ingénieur," alisema. "Kikohozi yako watu banaijua, njo unapimia mikro kila siku. Wangesikia, wangeuliza: huyu alinyamaza juu ya nini? Na uko na kazi ku makanisa."

Niliirudisha kaseti mahali pake. Sikuweza kumtazama, ingawa yeye hangeona.

Lango lilifunguliwa kabla hatujapiga hodi. Mama Neema alisimama na kitenge begani.

"Kumbe mwizi amechoka kubeba!"

Muzee alibonyeza. Sauti nyembamba ya dada yake ikatoka, na nyuma yake, kwa mbali, mvua kwenye mabati. Mama Neema akashika mhimili wa lango. Muzee akanyoosha CD kwa mikono miwili. Nilijua hatasema kitu. Kila kilichoweza kumtetea alikuwa amekifuta kwa ajili yangu, kikabaki kinywa changu.

"Mama," nikasema. Nilikohoa mara moja, kama siku ile. "Walikuwa wanatafuta mwenye hii. Walitaka nyumba. Muzee alisema ni yake, bakamwambia aimbe, na akaimba yote, na Kinyarwanda hakijui. Nilikuwamo. Nilikuwa nyuma ya rafu. Sikusema neno, siku ile na siku zote ulipomwita mwizi."

"Weye, Diplômé?"

"Mimi."

"Mana yanjye," alisema taratibu, Mungu wake katika lugha ya mama yake. Alinitazama kwa muda, na sitasema niliona nini machoni mwake. Kisha akaingia ndani. Tukadhani ameondoka. Akarudi na kiti, akakiweka mbele ya muzee, akakipangusa vumbi kwa kitenge kipya cha kuuza.

"Kaa, papa. Kaa kwanza."

Muzee akakaa kwenye ncha ya kiti. Mama Neema alichuchumaa karibu naye, akaomba asikie tena. Aliusikia mara tatu.

CD ya mwisho ilikuwa yangu. Alinipa mbele ya lango langu, baada ya kubonyeza na kuhakikisha ni wimbo wenyewe. Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyoona wengine wakifanya. Kisha alilipindua begi ndani nje, akalikung'uta, kama tunavyofanya kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akitaka kuona hakuna kilichobaki. Vumbi jeusi kidogo likaanguka.

"Zimeisha," alisema.

Nilitaka kumpeleka kwa gari. Alikataa. Aliondoka akigusa ukuta, kama siku zote, jiwe kwa jiwe. Lakini radio hakuizima: alikuwa ameirudisha kaseti mwanzo. Niliisikia mpaka alipokata kona, kipande cha kila nyumba kikifuata kipande cha nyumba nyingine, kwa sauti ya juu, barabara nzima ikisikia.